Nani analala ndani? Maswali yenu kuhusu bima ya nyumba

Niliahidi kujibu maswali ya bima ya nyumba, na yaliyofika kutoka Gungu, Ujiji, Mwanga na Katubuka ni mengi kuliko nafasi. Nimekuwa wakala wa bima hapa Kigoma kwa miaka mingi. Mtu akikaa mbele yangu kujaza fomu, kabla ya bei na kabla ya thamani namuuliza: usiku wa leo, nani analala ndani ya hiyo nyumba? Mtaona kwa nini.

Nilikata bima ya nyumba yangu ya Gungu tulipokuwa tunaishi humo mimi na mke wangu. Tangu mwaka jana tumehamia kwa mtoto wetu Dodoma, nyumba tumeipangisha. Bima naihuisha kila mwaka kama kawaida. Niko salama? (Mwalimu mstaafu)

Shikamoo Mwalimu. Hauko salama, na inaniuma kukwambia hivyo kwa sababu fedha unalipa.

Fomu ya siku ile ilikuuliza nani anaishi humo, ukajibu kuwa ni wewe na familia. Kampuni ikapanga bei kwa jibu hilo. Anayelala kwake husikia harufu ya waya unaoungua na huona bati lililoinuka asubuhi hiyohiyo. Mpangaji anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini bati likiinuka anasubiri umtumie fundi. Ndiyo maana nyumba hizi mbili hazikadiriwi sawa. Tena kila unapohuisha bima bila kusema lolote, kampuni inachukulia kwamba hali ni ileile. Moto ukitokea, mkadiria hasara atamkuta mpangaji mlangoni, na madai yako yanaweza kukataliwa palepale.

Angalia pia unacholipia. Bima ya anayeishi kwake hubeba jengo na vyombo vya ndani, na nyingi hulipa gharama ya kupanga kwingine nyumba ikiwa haikaliki. Makochi na friji ulishahama navyo, Mwalimu, lakini bado unavilipia. Mwenye kupangisha anahitaji kitu kingine: fidia ya kodi ya pango. Paa likiungua hupotezi mbao na bati tu, unapoteza na kodi ya miezi yote ambayo fundi yuko juu. Halafu kuna dhima. Ukuta wa choo ukimwangukia mpangaji au mgeni wake, atakayedaiwa ni mwenye nyumba, hata kama yuko Dodoma.

Waandikie wiki hii kwamba nyumba imepangishwa na tangu lini, na wakujibu kwa maandishi. Waulize pia nyumba ikikaa tupu inakuwaje, maana hati nyingi za bima hupunguza kinga, hasa ya wizi, nyumba ikikosa mtu siku 30 au 60 mfululizo. Mpangaji akiondoka na mwingine akachelewa, siku hizo hufika upesi.

Nyumba yangu Ujiji ina vyumba sita na uani. Viwili nalala na wajukuu, vinne nimepangisha, na mbele kuna fremu. Wakala anasema nichague moja, ya kuishi au ya kupangisha. (Bibi wa wajukuu watatu)

Bibi, shikamoo. Usichague. Huyo wakala anataka kumaliza fomu. Hati inaweza kuandikwa kama nyumba ilivyo: jengo lote, vyombo vyako vya vyumba viwili, kodi ya vile vinne, na fremu itajwe pamoja na kinachouzwa ndani yake. Bei itapanda. Lakini hiyo ndiyo bima itakayosimama siku ya shida.

Hapo kwenye fremu nataka tukae kidogo. Nilikwenda kukagua nyumba kama yako, mwenyewe akijua fremu yake inauza vitenge. Vitenge vilikuwepo, vimepangwa vizuri. Nyuma ya kaunta palikuwa na madumu ya mawese, na chini ya meza chupa za petroli za kuuzia bodaboda. Upande wa pili wa ukuta mpangaji alikuwa anakaanga dagaa kwenye jiko la mkaa. Nikapanda darini: waya mmoja umegawa umeme vyumba vyote vinne, viungo vimefungwa kwa vipande vya mfuko wa plastiki vilivyokwisha kuwa vyeusi. Yule mama alishika kichwa. Hakumdanganya mtu, hakuwa anajua tu. Alimwita fundi kesho yake, petroli ikaondoka, ndipo tukaandika. Kwa hiyo ingia kila chumba na kila kona ya fremu kabla mkaguzi hajaingia.

Kama nyumba bado iko kwa jina la marehemu, sema hivyo pia. Mrithi ana haki ya kuikatia bima, ila ukikata peke yako nyumba ya ndugu wanne, fidia itakuja na ugomvi wake. Waandikwe wote.

Nakatwa kila mwezi kwenye umeme wa LUKU kwa ajili ya jengo. Hiyo si bima?

Hapana. Hiyo ni kodi ya jengo, inakusanywa kupitia LUKU tangu mwaka 2021, na inakwenda serikalini. Nyumba ikiungua haikurudishii hata bati moja.

Nimepanga Mwanga. Baba mwenye nyumba anasema nisiwe na wasiwasi, nyumba ina bima. Vyombo vyangu vimo?

Havimo, dada yangu. Bima yake inabeba mali yake. Kitanda chako, cherehani yako na televisheni yako ni juu yako, na unaweza kuvikatia bima ya vyombo hata kama nyumba si yako. Iko na hatari nyingine ambayo wapangaji wachache wanaijua: moto ukianzia kwenye jiko lako kwa uzembe, kampuni ikishamlipa mwenye nyumba inaweza kukugeukia wewe ikudai. Muulize mwenye nyumba, kwa heshima, kama hati yake inasema lolote juu ya wapangaji.

Nilinunua nyumba milioni 45 pamoja na kiwanja. Niandikishe bima ya kiasi gani?

Sahau bei uliyonunulia. Kiwanja hakiungui, na muuzaji alikuuzia kwa shida zake. Mwite fundi anayeaminika umuulize: ikibaki majivu, leo kuisimamisha tena na kusafisha kifusi ni shilingi ngapi? Saruji na nondo zinazofika Kigoma zimesafiri mbali, kwa hiyo usishangae akikutajia kiasi kikubwa kuliko ulichonunulia.

Tuseme anasema milioni 60. Wewe, ili kupunguza malipo, unaandikisha milioni 30. Jiko na chumba kimoja vinaungua, hasara milioni 10. Wengi hudhani watapewa zote 10 kwa kuwa hazijafika 30. Kampuni itasema ulikatia nusu ya nyumba, basi unalipwa nusu ya hasara: milioni 5, na hapo bado hawajatoa kiasi unachobeba mwenyewe kwa mujibu wa hati. Kanuni hii haibagui nyumba ya kuishi na ya kupangisha. Nimeona watu wazima wakilia mbele ya barua ya namna hiyo.

Na lipa yote kabla ya tarehe ya kuanza. Taratibu za TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, ni malipo kwanza, kinga baadaye. Wakala anayekwambia "leta nusu, utamalizia" anakuacha uchi.

Nina nyumba mbili Katubuka, moja nakaa, moja nimepangisha. Maji yananitisha. Bima inalipa mafuriko?

Inategemea hati, ndugu yangu, na hapa nakuomba usome neno kwa neno. Bima ya moto ya kawaida hubeba moto na radi. Upepo, mafuriko na tetemeko huongezwa juu yake kwa malipo. Vifurushi vya bima ya kaya, vinavyouzwa kwa anayeishi kwake, mara nyingi vinavyo ndani. Kwa hiyo unaweza ukakuta nyumba yako ya kuishi imekingwa na mafuriko, na ile ya kupangisha, hatua ishirini pembeni, haina. Tetemeko usilipuuze: tarehe 5 Desemba 2005 lilitokea la ukubwa wa 6.8 hapa Ziwa Tanganyika.

Ila bima hulipa jambo la ghafla. Maji yaliyokwisha kufika uani, au yanayopanda ukutani polepole mwaka hadi mwaka, kampuni haitayabeba. Walio kando ya ziwa wanajua lilivyopanda mwaka 2024, na kampuni nazo zinajua. Aliyejenga ndani ya mita 60 za ufukwe, ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazikataza, atakuwa na kazi ngumu zaidi.

Kama kwako bado ni pakavu, piga picha kesho: kuta nne za kila nyumba, sakafu, na umbali hadi penye maji, tarehe ionekane. Zipeleke pamoja na fomu, moja kwa kila nyumba, na uulize kwa barua kama mafuriko yamo katika zote mbili.