Maji kiasi gani ya kupoza maziwa?

SWALI: Shikamoo mzee. Hapa Kariobangi tunapasha maziwa hadi digrii 72, lita 1,000 kwa saa. Kisha yanapita kwenye kibadilisha-joto cha bamba (bamba nyembamba za chuma, maziwa upande mmoja, maji ya kupoza upande wa pili) yapoe hadi 30, ndipo yaende kwenye mashine ya baridi. Maji ya tangi huingia yakiwa digrii 20. Muuzaji anasema tununue pampu ya lita 6,000 kwa saa. Je, twaihitaji kweli?
Msimamizi wa mitambo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usitoe pesa bado. Anza na joto ambalo maziwa yanapaswa kuachia, pampu itafuata.

Lita 1,000 za maziwa ni kilo 1,030 hivi. Gawa kwa sekunde 3,600, unapata kilo 0.286 kila sekunde. Kila kilo huachia takriban kilojuli 3.9 ikishuka digrii moja, nanyi mnashusha digrii 42. Zidisha zote tatu: kilojuli 47 kila sekunde, yaani kilowati 47.

Joto hilo lote huhamia kwenye maji. Muuzaji alipaswa kukuuliza: mnataka maji yatoke yakiwa digrii ngapi? Yakitoka 35, yamepanda 15. Kilo ya maji huchukua kilojuli 4.19 kwa digrii, kwa hiyo gawa 47 kwa 4.19, kisha kwa 15. Jibu ni kilo 0.75 kwa sekunde, yaani lita 2,700 kwa saa. Haifiki hata nusu ya pampu hiyo! Yakitoka 45, lita 1,600 zatosha, ila mtaongeza bamba kwa moja ya tano au zaidi, kwa kuwa tofauti ya joto kati ya maji na maziwa imepungua.

Lakini kagua mabomba. Maji na maziwa lazima yapishane, maji yakiingilia pale maziwa yanapotokea. Yakienda pamoja, maji hayawezi katu kutoka 35 huku maziwa yakitoka 30, hata ununue pampu gani. Nimeona mabomba yaliyoungwa hivyo, na lawama yote ikabebeshwa pampu.

Kisha pima pampu mliyo nayo. Kinga maji pale yanapotoka kwenye bamba, si kwenye tangi, maana bamba hupunguza kasi. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 27 au chini ya hapo, hamhitaji nyingine.

Na tafadhali, kwa mgao huu wa maji wa Nairobi, msiyamwage mtaroni. Yaelekezeni kwenye tangi la kuoshea kreti.