Mtoto, ukweli na uongo wa adabu: maswali yenu

Mwanangu wa miaka minne kamwaga maziwa, yamemganda mdomoni, halafu anasema ni paka. Nimchape?

Usimchape, na usimuulize jambo unalolijua. "Nani kamwaga?" ni mtego, na mtoto wa umri huo akibanwa anaropoka la kumwokoa. Sema tu: "Maziwa yamemwagika. Lete tambara tufute." Akikiri, mshukuru kwa kukiri, lakini kufuta kuko palepale. Wanasaikolojia wa watoto Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha mwaka 2011 utafiti wa shule mbili za Afrika Magharibi: watoto wa shule ya viboko walidanganya zaidi, na kwa ustadi zaidi, kuliko wa shule isiyochapa.

Shangazi yake kamletea gauni la Idi, binti yangu wa miaka sita akasema mbele ya wageni, "Baya!" Nimfundishe aseme zuri?

Mfundishe kutafuta la kweli la kusema. Apokee kwa mikono miwili, amtaje mtu, kisha ataje alichotendewa: "Ahsante shangazi, umenikumbuka." Akiweza, aongeze kitu kimoja anachokiona: "Lina mifuko mikubwa." Haya hayaji siku ya siku. Wiki moja kabla ya sikukuu, fungeni kipande cha sabuni au soksi kuukuu kwenye karatasi, mpeane kwa zamu mara tatu nne. Nawe upokee, akuone unavyofanya. Wengi huharibu kwa kumfinya mtoto pale pale: "Sema unalipenda!" Hapo anaelewa kuwa adabu ni kuogopa wakubwa. Jioni akikunong'oneza kuwa halipendi, mwitikie. Kakuambia wewe, si shangazi.

Chakula ni hivyo hivyo. "Nimeshiba" kwa mtoto ambaye hajaonja kitu ni uongo usio na haja. "Ahsante, inatosha" inatosha kweli.

Mwenye duka akija kudai, namtuma mtoto aseme sipo. Kuna ubaya?

Upo. Kesho atakuambia hana kazi za shule. Mpe maneno haya: "Mama hawezi kutoka sasa, atakupigia." Kisha upige, maana usipopiga mtoto anajua. Na sindano ya kliniki usiseme haiumi. "Itauma kidogo, hesabu mpaka tano" inamwandaa, na safari ijayo atakuamini.

Nikimfundisha kutunza heshima ya watu, si ataficha hata mabaya?

Ndiyo maana umtenganishie mapema siri njema na siri mbaya, hata akiwa na miaka mitatu. Siri ya zawadi ya bibi ina siku ya kufunguliwa, na wote watafurahi. Siri isiyo na mwisho, au inayokuja na vitisho au peremende, inasemwa siku hiyo hiyo, hata kama aliyeitoa ni mjomba au mwalimu. Kuhusu mwili wake hakuna adabu ya kunyamaza: aseme hapana, aondoke, akuambie. Akikuambia, usipige kelele wala usimhoji mara kumi. Msikilize, mwambie hana kosa. Kwa msaada, Tanzania na Kenya simu ya watoto ni 116, bila malipo.