Kila Jumatatu unaanza mazoezi, Alhamisi umeacha

Ndugu yangu, umeniandikia kwamba mazoezi ya kukimbia yanakushinda kila wiki, chai unakunywa ya vijiko vinne vya sukari, una kiu na usiku unaamka mara tatu kukojoa. Mtu anayetoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, ukimwambia akakimbie saa nzima unamtania. Acha kujiita mvivu. Ratiba yako haina nafasi, basi zoezi lipenye humo humo.

Mimi niliacha kukimbia, nikawa napanda daladala kituo cha mbele asubuhi na jioni nashuka kimoja kabla ya nyumbani. Dakika 15 kwenda, 15 kurudi, siku tano: tayari 150 kwa wiki, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima. Ila tembea kwa kasi, si mwendo wa kuchagua nyanya sokoni.

Chai yako ya vijiko vinne usiikate ghafla. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea. Iliyonishinda mimi ni ya kazini, maana mama ntilie alikuwa anatia sukari tangu kwenye birika. Nikamwomba aniwekee yangu kando. Alicheka, akaniwekea.

Lakini hiyo kiu, na kuamka mara tatu usiku kukojoa, usisubiri mazoezi yaimalize. Nenda kituo cha afya wiki hii, wakupime sukari na presha.