Anzia Wilson, ndugu

Umeuliza utawapataje marubani wenzako Nairobi, na kama kundi la WhatsApp la uwanja linatosha. Linasaidia, ila kwanza fika Uwanja wa Ndege wa Wilson mwenyewe. Pale pale uwanjani pana klabu ya marubani, Aero Club of East Africa, iliyoanzishwa mwaka 1927, kabla hata uwanja wenyewe haujaanza mwaka 1929. Agiza chai, kaa karibu na wanaozungumzia ndege (hawakosekani, na hawanyamazi). Ukishajulikana sura, utaunganishwa tu.

Faida kubwa ya makundi haya ya WhatsApp ni habari za viwanja vidogo. Mtu ametua asubuhi kwenye kiwanja cha murram, anatuma picha: dimbwi katikati ya njia ya kurukia, pundamilia wawili pembeni, soksi ya upepo (ile inayoonyesha upepo unaelekea wapi) imechanika. Habari kama hiyo ni dhahabu kwa anayekwenda huko mchana. Lakini picha ya jana usiitegemee leo, mvua ikinyesha usiku mmoja tu mambo hubadilika. Notisi rasmi za marubani na taarifa ya hali ya hewa lazima uzisome mwenyewe.

Na kama ulijifunzia Mombasa, waulize wenyeji kuhusu joto la mchana. Wilson iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na joto huifanya nyepesi zaidi. Ndege ileile iliyokuwa inaruka upesi pale pwani, hapa itakimbia kwenye njia ya kurukia mpaka uanze kuhesabu abiria wako upya.