Ala ya katana iliyolegea
Mkuu, katana (upanga wa Kijapani) ikichomoka yenyewe, shida iko mdomoni mwa ala yake, sio kwenye upanga. Kinachoishikilia katana ni habaki, ile pete ya shaba shingoni mwake, sasa mbao ya pale mdomoni ikishalika kwa kuchomoa na kurudisha ndo upanga unaanza kuteleza wenyewe. Bandika ndani kipande cha mbao laini chembamba kama karatasi, pale habaki inapogusa tu, kisha piga msasa kidogo kidogo mpaka ishike bila kulazimisha, na vumbi lote ulikung'ute maana linakwaruza chuma. Wajapani wanatumia mti wa honoki na gundi ya wali, hiyo inaachia ala ikihitaji kufunguliwa. Supaglu hapana kabisa! Kama ni upanga wa kale halisi mpelekee fundi wa ala.