Wikiendi ya Wawili Katika Baridi ya Québec

SWALI: Mhariri, mimi na mke wangu tutakuwa Toronto mwezi Februari kwa harusi ya mdogo wangu, na ningependa nimpeleke Québec wikiendi moja, sisi wawili tu. Je, baridi itatuachia raha yoyote? – Msomaji, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, itawaachia raha tele mkivaa ipasavyo, kwa maana usiku wa Februari hali ya hewa hushuka mara nyingi hadi nyuzi 15 chini ya sifuri, na koti linalotutosha hapa Mwanza alfajiri ya Julai halifai kitu huko. Nunueni Toronto buti za theluji na glavu nene.

Tafuteni chumba ndani ya kuta za mji mkongwe, ulioanzishwa na Samuel de Champlain mwaka 1608, ili mtembee kwa miguu hadi mtaa wa Petit-Champlain. Jambo ambalo nisingependa mlikose ni kivuko cha kwenda Lévis, mji ulio ng’ambo ya mto St. Lawrence, wakati wa machweo: nyinyi mliozoea kivuko cha Kamanga mtasikia mabamba ya barafu yakikwaruza ubavu wa chombo, na mkigeuka mtaiona hoteli ya Château Frontenac, iliyofunguliwa mwaka 1893, ikiwaka taa juu ya jabali. Maporomoko ya Montmorency, yenye urefu wa mita 83, yatengeeni asubuhi ya Jumapili.

Wenyeji huzungumza Kifaransa, basi anzeni na “Bonjour”. Wekeni nafasi ya chumba mapema, kwani tamasha la majira ya baridi huvuta wageni wengi mwezi huo.