Ujumbe wa Kuingilia Kwenye Seva: Useme Nini na Uwekwe Wapi

Anayesimamia seva kadhaa kwa mbali huwa na madirisha mengi ya terminali yaliyofunguliwa kwa wakati mmoja, na tofauti pekee inayoonekana kati ya seva ya majaribio na seva inayohudumia wateja ni jina fupi lililoandikwa kabla ya alama ya amri. Kwa miaka ambayo nimefanya kazi hii nimezidi kuamini kwamba ujumbe unaotokea mtu anapoingia kwenye seva unastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule tunaoupa usanidi wa seva yenyewe, kwa kuwa humfikia kila anayeingia kabla hajaandika amri hata moja. Ninayoyaeleza hapa yanahusu hasa Ubuntu na Debian, mifumo endeshi ninayoitumia zaidi.

Mstari wa kwanza utaje kazi ya mashine kwa maneno ya kawaida. Jina kama db-02 linatosha kwa aliyelibuni, lakini fundi aliyeajiriwa mwezi uliopita, anayeamshwa usiku kwa sababu malipo yamesimama, anahitaji kusoma kwamba hapa ni hifadhidata ya malipo na kwamba ni seva ya kazi. Mstari unaofuata utaje idara inayohusika na jambo lisiloruhusiwa kufanywa bila kibali, kisha mahali nakala rudufu zinapohifadhiwa. Niliwahi kujiunga na timu ambayo ujumbe wake ulijaza skrini nzima kwa nembo ya kampuni iliyochorwa kwa herufi na takwimu za kila aina, na hakuna aliyekuwa akiusoma. Tulipoupunguza hadi mistari michache, watu walianza kutajiana yaliyoandikwa humo.

Jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunalihitaji kuliko wengi ni saa. Seva nyingi tunazokodi ziko Ulaya, Marekani au Afrika Kusini, na saa zake huwekwa kwa UTC, saa ya marejeo ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa 3. Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi pale inapobadilisha tarehe: tukio lililoandikwa kwenye kumbukumbu za seva kuwa la tarehe 14, 22:30, kwetu lilitokea tarehe 15 saa saba na nusu usiku. Mteja anayelalamika kwamba muamala wake wa tarehe 15 haupo atakuwa anasema kweli, na anayetafuta kwenye kumbukumbu za tarehe 15 hatauona. Ningeshauri saa ya seva iachwe kwenye UTC, kwa sababu kumbukumbu za mashine nyingi hulinganishwa kwa urahisi zaidi zikifuata saa moja, lakini ujumbe wa kuingilia uonyeshe saa zote mbili pamoja na tarehe.

Ubuntu na Debian huujenga ujumbe huo kwa skripti, yaani faili za amri, zilizo katika saraka ya /etc/update-motd.d, ambazo huendeshwa kwa kufuata mpangilio wa namba zilizo mwanzoni mwa majina yake. Skripti yangu huwa na umbo hili:

```
#!/bin/sh
cat <<'MWISHO'
HIFADHIDATA YA MALIPO: SEVA YA KAZI, SI YA MAJARIBIO
Msimamizi: idara ya mifumo. Usiizime bila kibali chake.
Nakala rudufu: kila usiku, /srv/nakala
MWISHO
date -u '+Saa ya UTC: %F %H:%M'
TZ=Africa/Dar_es_Salaam date '+Saa ya Afrika Mashariki: %F %H:%M'
```

Maandishi nimeyaweka kati ya alama mbili za MWISHO kwa sababu Kiswahili kina ng', na neno kama "imeng'olewa" likiwekwa ndani ya nukuu moja (') za sheli, programu inayosoma amri, kitone chake cha juu huifunga nukuu kabla ya wakati na skripti huvunjika. Kwa mtindo huu maneno hupita kama yalivyoandikwa. Faili ipewe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x, na jina lake lisiishie na .sh: run-parts, programu inayoendesha skripti za saraka hiyo, hupuuza faili ya aina hiyo bila kutoa onyo lolote, na mtu anaweza kuhangaika muda mrefu akitafuta kosa ndani ya skripti ambayo haina kosa.

Katika saraka hiyohiyo utakuta skripti zilizokuja na mfumo. Zile za viungo vya msaada na habari za Ubuntu, 10-help-text na 50-motd-news, mimi huziondolea ruhusa kwa chmod -x bila kuzifuta, ili anayezihitaji azirudishe kwa amri moja. Zinazotaja masasisho yanayosubiri na haja ya kuwasha seva upya huziacha, maana zinamwambia msimamizi jambo la kushughulikia.

Sasa nije kwenye jambo linalonipa wasiwasi zaidi ninapoona seva za wengine. Skripti hizi huendeshwa kwa mamlaka ya root, mtumiaji mwenye uwezo wote kwenye mfumo, kila mtu anapoingia, naye hana budi kusubiri hadi zimalize. Anayeweka humo amri ya kuuliza hali ya hewa au kuvuta habari kutoka intaneti amekubali kwamba siku mtandao ukiyumba, siku ambayo ndiyo ataihitaji seva kwa haraka, mlango wenyewe utachelewa kufunguka. Hata df, amri inayoonyesha nafasi ya diski, isipotajiwa sehemu ya diski inaweza kukwama ikiwa seva imeunganishwa na hifadhi ya mbali isiyopatikana. Andika df -h / na itatosha. Taarifa yoyote inayochukua muda kukusanywa ikusanywe pembeni na cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, iandikwe kwenye faili iliyo chini ya /var/cache, kisha skripti ya kuingilia iisome faili hiyo tu. Na kwa sababu ya mamlaka hayo ya root, asiyekuwa root asiweze kuziandika skripti hizi wala faili zozote zinazoitwa nazo.

Kuna ujumbe mwingine unaochanganywa mara nyingi na huu, nao huonyeshwa kabla mtu hajathibitishwa, kupitia mstari wa Banner katika /etc/ssh/sshd_config, faili ya mipangilio ya SSH, huduma ya kuingia kwenye seva kwa mbali. Huo husomwa na yeyote duniani anayebisha kwenye seva, kwa hiyo usitaje kazi ya mashine, jina la kampuni wala mfumo endeshi. Wengi huuelekeza kwenye /etc/issue.net bila kuifungua faili hiyo, ambayo kwa kawaida huwa na jina na toleo la mfumo. Mimi huandika onyo fupi kwamba seva ni ya wenye idhini pekee na kwamba matumizi yake hurekodiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya ya mwaka 2018 zote zinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na onyo lililo wazi humwondolea mvamizi nafasi ya kudai kwamba hakujua.

Usiweke maneno ya kukaribisha ndani ya .bashrc, faili ya mipangilio ya sheli ya mtumiaji. Faili hiyo husomwa pia wakati wa kunakili mafaili kwa rsync au scp, na maandishi yanayotoka hapo huingilia mawasiliano ya programu hizo hadi zinakatika. Mtumiaji asiyetaka kuuona ujumbe atengeneze faili tupu inayoitwa .hushlogin katika saraka yake ya nyumbani, ingawa kwenye seva za kazi ningewaomba wenzangu wasifanye hivyo.

Kabla ya kutoka, endesha run-parts /etc/update-motd.d kwa mamlaka ya root ili uone matokeo, na kama umegusa sshd_config, ikague kwa sshd -t kabla ya systemctl reload ssh. Dirisha ulilonalo liache wazi, fungua jingine, ingia upya, na usilifunge la kwanza hadi la pili likubali.